Mwanangu anataka kuwa kama staa wake. Nimzuie?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mdogo wake Zawadi ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu mwaka jana hana habari nyingine ila staa mmoja wa bongo fleva. Amenyoa kama yeye, anaongea kama yeye, ukuta wa chumba ulijaa picha zake. Matokeo ya nusu muhula yalipotoka mabaya nilimuuliza, akanijibu kwamba yule naye hakusoma na leo ana magari. Baba yake akachana picha zote na kumnyang'anya simu. Sasa ni wiki ya pili hawasemeshani. Naomba nijue: hawa watu maarufu tuwachukulie kama mfano wa kuigwa na watoto wetu, au tuwazuie kabisa? – Mama Zawadi, Morogoro

Jibu: Marahaba, Mama Zawadi, na poleni kwa yaliyowakuta. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kijana, staa na mzazi aliyekasirika ndio ninaokutana nao karibu kila wiki katika kazi yangu ya ushauri nasaha shuleni.

Nikujibu moja kwa moja. Umaarufu peke yake haumpi mtu sifa ya kuigwa, na sitakushauri umlee mtoto kwa kumwelekeza kwa mtu fulani eti kwa sababu anajulikana. Lakini suala la kuzuia limeshapita nyumbani kwako. Kijana ameshaiga. Picha zimetoka ukutani, kichwani zimebaki. Kazi mliyo nayo sasa ni kujua amechukua nini kwa yule mtu, na ni kitu gani hajawahi kukiona.

Kuhusu picha zilizochanwa, kuna jaribio ninalopenda kuwasimulia wazazi. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alionyesha kwamba watoto wadogo wakimwona mtu mzima anampiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, wakiachwa naye peke yao nao watampiga, tena kwa mapigo na maneno yaleyale. Hilo ndilo jaribio lililovuma. Lenye faida kwako ni lile alilolichapisha mwaka 1965. Safari hii watoto walionyeshwa filamu ya mtu akimpiga mwanasesere, ila mwisho haukuwa mmoja. Kundi la kwanza lilimwona akisifiwa na kupewa soda na pipi. La pili lilimwona akikaripiwa na kuchapwa. La tatu halikuona mwisho wowote. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao, na mpaka hapo mzazi yeyote atasema basi, fimbo inafundisha. Ndipo watoto wote wakaambiwa kwamba atakayeonyesha alichofanya yule mtu atapewa juisi na picha za kubandika. Tofauti ikayeyuka. Hata walioona adhabu walikuwa wanakumbuka mambo yote, wakayafanya kama wenzao.

Maana yake ni kwamba jicho lilikuwa limeshafanya kazi yake. Adhabu iliwafundisha wakati wa kuficha tu. Kijana wako naye, akiwa na simu au akiwa hana, anaendelea kupiga hesabu: kwa maisha haya dunia inalipa au inaadhibu? Na dunia aliyoizoea kwenye simu inalipa kwa magari.

Kuna jambo la pili linalofanya mastaa wawe na nguvu kuliko walimu. Mwaka 1956 watafiti wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watangazaji wa redio na televisheni wa Marekani: msikilizaji huwazoea, akajihisi ni rafiki yao, ilhali wao hawajui kama yupo. Urafiki wa upande mmoja. Siku hizo mtangazaji alikuja saa fulani akaondoka. Leo staa anaingia mubashara usiku wa manane akiwa na kanzu ya kulalia, anasema “mambo zenu”, anasoma maoni na kutaja majina. Mtoto aliyetajwa jina na mtu huyo mara moja hatasahau mwaka mzima. Baba anapochana picha, kijana haoni karatasi zinachanwa. Anaona rafiki yake anatukanwa, na ukimya unaousikia humo ndani chanzo chake ni hicho.

Kuna zoezi ninalowapa vijana wa aina hii. Nachukua karatasi, naigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja aandike anachojua kuhusu maisha ya staa wake, upande wa pili anachojua kuhusu kazi yake. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliujaza upande wa kwanza mpaka akageuza karatasi: aina ya gari na rangi yake, bei ya saa, majina ya wanawake wanne, idadi ya wafuasi, nani aligombana na nani na sababu yake. Upande wa pili aliandika maneno mawili, “anaimba” na “anajituma”. Nikamuuliza: Jumanne saa nne asubuhi, wewe ukiwa kwenye kipindi cha hesabu, yeye anafanya nini? Akatazama dari muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Amelala?” Aliniuliza kwa dhati, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Tangu siku ile sijawahi kumwambia kijana kwamba staa wake ni mtu mbaya. Shida haikuwa ubaya wa staa. Yule kijana alikuwa anaiga maisha ya mtu huku hana habari ya kazi yake, na maisha yenyewe ni yale tu yaliyochaguliwa yaonekane. Sote tunajua neno kiki. Penzi jipya, ugomvi, gari lililovuliwa turubai mbele ya kamera, mara nyingi hutokea wiki ileile wimbo unapotoka. Hiyo nayo ni kazi, na wengine wanaifanya kwa ustadi mkubwa. Ila mtoto wa miaka 15 hajui kuwa anatazama tangazo. Anadhani anatazama Jumanne ya mtu.

Tuna msemo tunaourudia kila msanii anapoteleza: msanii ni kioo cha jamii. Tunautumia kumkaripia, kana kwamba kioo na kielelezo ni kitu kimoja. Fikiri kidogo neno lenyewe. Kioo unakitazama ujione wewe. Kijana wako akiona kwa staa fedha bila jasho na akazipenda, amejifunza kuzipenda hukuhuku kwetu. Angalia tunavyompokea mgeni aliyekuja na gari na tunavyompokea aliyeshuka kwenye bodaboda, hata kama ni ndugu wa baba mmoja. Angalia nani anapewa maikrofoni harusini. Watoto wanatutazama sisi kwanza, wakienda kwenye simu wanakuta kioo kinathibitisha.

Sasa hilo jibu lake kwamba yule hakusoma na leo ana magari. Msilijibu kwa hasira, maana huenda kuhusu huyo mtu mmoja ni kweli. Kosa liko kwenye kuhesabu. Mtangazaji wa redio humwalika aliyetoboa amsimulie alivyoacha shule. Hamwaliki yule aliyeacha shule mwaka huohuo, akarekodi nyimbo tatu, na sasa anafanya kazi nyingine. Hadithi zake hazisikiki, kwa hiyo mtoto anadhani hayupo. Chukua soka, ambako hesabu ni rahisi zaidi kuonyesha. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992. Mtanzania wa kwanza kucheza humo ni Mbwana Samatta, alipojiunga na Aston Villa Januari 2020. Miaka 27 na zaidi, nchi ya makumi ya mamilioni ya watu, mtu mmoja. Naye hakutokea hewani: alikuwa ameshachukua ubingwa wa Afrika na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015, kisha akacheza Ubelgiji, Genk, kwa miaka minne. Mwulize kijana wako, kwa upole, wangapi walikuwa uwanjani na Samatta alipokuwa na miaka 15, na leo wako wapi. Mwache alifanyie kazi mwenyewe.

Usije ukafikiri nataka mumkatishe tamaa. Kuna utafiti wa mwaka 1997 wa Penelope Lockwood na Ziva Kunda, waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na mimi nauona kuwa ndio ufunguo wa swali lako. Walichukua wanafunzi wa uhasibu, wakawapa habari ya mwanafunzi bora kupindukia aliyekuwa anahitimu fani hiyohiyo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipomsoma walipata moyo, wakajiona nao wanaweza. Wa mwaka wa nne hawakupata moyo huo. Walishafika mwisho, nafasi ya kuwa kama yeye imepita, kwa hiyo mafanikio yake hayakuwaongezea chochote. Mtu yuleyule, karatasi ileile. Kilichotofautiana ni kama msomaji aliiona njia ya kumfikia.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama mtu maarufu anafaa kuwa mfano, swali langu huwa hilo: mtoto huyu anaiona njia? Staa anayeonyesha mwisho tu, gari na jumba, kwanza humlevya mtoto. Miaka michache baadaye, mtoto anapoona hafiki, staa yuleyule anakuwa kipimo cha kushindwa kwake. Nimewaona vijana wa miaka 22 wanaowachukia wale waliowabandika ukutani wakiwa na 15, na wanajichukia wenyewe zaidi.

Njia ikionekana, mambo hubadilika. Eliud Kipchoge alizaliwa mwaka 1984 kaunti ya Nandi, Kenya. Alipomaliza shule alikuwa anakusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka kuuza kwa baiskeli. Katika eneo hilohilo aliishi Patrick Sang, aliyeleta medali ya fedha ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Kwa kijana wa Nandi, Sang alikuwa staa kamili. Lakini alikuwa staa unayeweza kumfuata ukamsalimia. Kipchoge, akiwa na miaka kama 16, alimwendea akamwomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Akaifanya, zikaisha, akarudi kuomba nyingine. Akarudi tena. Mwaka 2003 kijana huyo, hajafikisha miaka 19, alishinda mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia Paris, akiwapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Sang ameendelea kuwa kocha wake, hadi dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki na ile marathoni aliyoikimbia kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019.

Napenda jambo moja kwenye habari hii kuliko medali zote: kurudi kuomba programu nyingine. Hakuna staa wa kwenye simu unayeweza kumrudia wiki mbili baadaye ukamwambia nimemaliza, nipe nyingine. Na Kipchoge mwenyewe alipokuwa tajiri alibaki kuishi siku za kazi katika kambi ya Kaptagat, akipokezana zamu za usafi na wenzake, vyoo vikiwemo, na kuandika kila zoezi kwenye daftari kwa mkono wake. Hapo mtoto akiuliza Jumanne saa nne asubuhi, jibu lipo.

Umeniuliza kuhusu watoto, lakini nadhani moyoni unauliza pia kama hawa mastaa hawana wajibu wowote. Wanao. Mwaka 1993 mchezaji wa kikapu Charles Barkley alitokea kwenye tangazo la Nike akasema yeye si mfano wa kuigwa, kwamba kazi hiyo ni ya wazazi, na kujua kutumbukiza mpira kikapuni hakumaanishi alee watoto wa watu. Marekani nzima ikabishana. Karl Malone, mchezaji mwenzake, alimjibu kwamba jambo hili mtu halichagui. Unachaguliwa na wanaokutazama, kilichobaki kwako ni kuwa mfano mzuri au mbaya. Mimi nampa Barkley nusu. Kuhusu wazazi alisema kweli, na ilihitaji ujasiri kuisema. Lakini aliisema ndani ya tangazo la viatu, na viatu vile vinanunuliwa kwa sababu mtoto anataka kuwa kama aliyevivaa. Anayepokea malipo kwa sababu anaigwa hawezi kukataa dhamana ya kuigwa kwake.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha. Staa akiachana na mkewe sina la kusema, ni maisha yake. Staa akishika simu na kumwambia mtoto wa kidato cha pili kwamba mkeka wa kubeti wa shilingi 500 unaweza kumpa milioni, hapo amechukua ule urafiki wa upande mmoja niliokueleza na kuuuza. Nimekaa na vijana waliobeti ada. Uingereza tangu Oktoba 2022 hairuhusu wanasoka wakubwa na watu wengine wanaowavutia sana watoto kutumika kwenye matangazo ya kamari. Kenya mwaka 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikawaondoa watu mashuhuri kwenye matangazo hayo. Nchi zilizofanya hivyo zimekubali kwamba mtu maarufu ana mkono unaofika chumbani kwa mtoto. Simu ya kijana wako ikirudi, naomba kitu cha kwanza mzungumze kiwe hicho, kabla ya nywele na kabla ya lugha.

Kuna maarufu mmoja ambaye ningependa watoto wote wa Afrika Mashariki wamjue, naye hakuwa mtu asiye na doa. Philly Lutaaya alikuwa mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989, wakati ukimwi ulikuwa ugonjwa wa kunong'onwa na mgonjwa anafichwa chumba cha uani, alijitokeza hadharani akasema anao. Alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Wapo waliosema anadanganya ili auze nyimbo. Alitumia nguvu zilizobaki kwenda mashuleni na makanisani, kila siku mwili ukipungua mbele ya macho ya watu, akiwaambia vijana wajilinde. Desemba mwaka huohuo alifariki akiwa na miaka 38. Mwalimu au daktari angesema maneno yaleyale asingesikilizwa hivyo. Watu walimsikiliza kwa kuwa walikuwa wameshamcheza kwenye sherehe zao. Ukiniuliza kama mtu maarufu anaweza kuwa mfano, nitakuonyesha huyu, na nitakuonyesha hasa kile kipande chake cha kuigwa: alisema ukweli uliomgharimu.

Namna hii ndiyo ningependa mzungumze na kijana. Usimwulize kwa nini anampenda mtu yule, atajifunga kama kobe. Mwulize, katika vyote vyake, ni kitu gani kimoja ungependa uwe nacho. Kama atasema magari, sawa, usicheke. Mpe ile karatasi ya mstari katikati, ajaze. Kama atasema sauti, au namna anavyotunga, au ujasiri wa kusimama mbele ya watu, hapo umepata mlango. Hivyo vyote vina mazoezi, vina watu wanaovifanya Morogoro hapohapo.

Na siku staa huyo atakapoharibu, maana binadamu huharibu, msishangilie. Baba asiseme “si nilikwambia”. Mtoto ambaye shujaa wake ameanguka ana msiba mdogo, akichekwa atamtetea mkosaji mpaka kwenye kosa lenyewe. Kaa naye mjadili: hili alilofanya ni baya, ule wimbo je, bado ni mzuri? Mtoto akiweza kuvitenganisha hivyo viwili, ameelewa zaidi ya watu wazima wengi.

Baba Zawadi nampa pole yake, alifanya kwa uchungu wa mzazi. Lakini yeye ndiye anayepaswa kurudi kwanza, kwa sababu ndiye mkubwa. Sishauri anunue picha mpya. Nashauri Jumamosi moja amchukue kijana waende kwenye studio ya mtaani, hizi za chumba kimoja zenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, waombe kukaa saa mbili. Waone kijana anarudia mstari mmoja wa wimbo mara ya kumi na tano huku prodyuza anatikisa kichwa. Baba asihubiri, akae tu. Mwishoni kijana amwulize prodyuza maswali matatu ya kwake mwenyewe, ayaandike kabla ya kutoka nyumbani: analipwaje, wangapi hurekodi kwake kwa mwezi, na wangapi kati yao hurudi.

Hesabu za shule mtazungumza Jumapili, akiwa na majibu hayo mkononi. Niandikie alichosema.